Nyama ya Ukoo

Paka alimkuta Mbwa nyuma ya banda, amechuchumaa kwa mara ya saba tangu asubuhi.

“Mzee Mbwa, si ulisema ugali na nyama ya kupikwa ni vya wanyonge?”

“Nasafisha tumbo tu,” akajibu Mbwa, kifua mbele, miguu ikitetemeka. “Sisi ukoo wa Mbwa-mwitu hula mbichi. Leo hata wanangu wataonja.”

Watoto wake walikuwa wameshaizunguka nyama mbichi ya buchani aliyoibakiza, mate yakiwatoka. Mara Mbwa-mwitu mwenyewe akapita.

“Binamu!” Mbwa akamwita kwa fahari. “Hebu mwambie Paka ukoo wetu unakula nini!”

Mbwa-mwitu akainusa ile nyama, akarudi nyuma hatua tatu.

“Sisi hula nyama iliyokuwa ikikimbia sasa hivi. Hii imelala buchani siku tatu. Kapike.”