Kuti la Mwanapili

Alfajiri, Tumsifu alishuka kutoka barabarani hadi ufuko usio na nyumba. Alimkuta mwanamke akifagia mchanga kwa kuti la mnazi, akifuta mburuzo wa kasa aliyepanda kutaga.

“Mama, mayai umeyapeleka wapi?”

“Yako hapo miguuni pako. Nawaficha wezi njia,” alisema Mwanapili. “Na wewe, mfuko huo wa nini?”

“Una viatu tu.”

“Wote husema hivyo.”

Akafagia kinyumenyume mpaka akaingia majini. Mburuzo ukaisha. Tumsifu akageuka: njia iliyobaki kuelekea kwenye mayai ilikuwa moja tu, ya nyayo zake.

Akaokota kuti jingine pale mchangani, akaanza kufagia akirudi barabarani. Mwanapili, maji magotini, hakubandua macho kwenye ule mfuko.