Kilio cha Majaribio

Zama hizo video hazikuwa na ghala moja mtandaoni. Kila simu ilizihifadhi na kuzirushia simu jirani, na kilichokwisha kutoka hakikufutika tena. Mwanaidi alipowagawia mafundi wenzake programu yake ya video, alisahau kuondoa sauti aliyoijaribia: kilio cha mama yake, siku walipomzika baba. Wenzake wakatengeneza programu zao kutokana na yake, kilio kikiwa humo humo. Kila aliyezifungua alikisikia kwanza.

Asubuhi moja jirani naye akafungua mojawapo. Bi Hidaya, mama yake Mwanaidi, akaacha kukuna nazi, akajitanda kanga.

"Mwanangu, kwa jirani kuna msiba. Sikia mtu anavyolia, maskini! Twende tukawape pole."

Mwanaidi akafungua kinywa, kisha akainama kumtafutia mama yake viatu.