Saa ya Bi Mize

Bi Mize alifika ghorofa ya nne akihema, ndoo ya maji kichwani, mkono wenye saa umeishikilia ndoo njia nzima. Akaitua, akaitazama saa. Ghorofa alizopanda: sifuri. Akaisonya.

Simu ikalia. Mwanawe Shaame, aliyemvisha saa hiyo na kuiunganisha na simu yake, alikuwa ameshaona.

"Mama, leo tena hujapanda hata ngazi moja. Zimekushinda. Ijumaa nakuja kukuhamishia kwangu, chumba cha chini."

"Na haya maji yamepanda yenyewe?"

"Saa haina sababu ya kudanganya, mama."

"Mimi ndiyo ninayo?"

Shaame akacheka, akakata simu. Bi Mize, ambaye nyumba hiyo ndimo alimoolewa na hakuwa na nia ya kuitoka, akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi kwa hasira. Saa ikalia: amepanda ghorofa mbili. Akaacha. Akakuna tena. Tatu.

Ujumbe wa Shaame ukaingia: "Unaona, mama? Ukitaka unaweza."

 Bi Mize akavuta kapu la nazi karibu. Hadi magharibi mtungi wa maji haujafika hata nusu, ndoo imelala mlangoni, naye yuko juu ya mbuzi, jasho linamtoka, anapanda.