Nguruwe Kisimani

"Ptuu!" Mwishehe alitema mate, akaziba pua kwa ncha ya kilemba. "Nguruwe! Laana gani hii?"

Mzoga wa nguruwe mwitu ulikuwa umelala juu ya mdomo wa kisima, tumbo limepasuka, funza wanachezacheza hadharani. Nzi walikuwa wengi mpaka wanagongana. Wapagazi waliotoka Bagamoyo, Waislamu watupu, walirudi nyuma wakistaghfiru. Kiu yao yote iligeuka kichefuchefu.

Mzungu alishuka kwenye punda, karatasi ya ramani mkononi. Nyika yote ile ya malisho, kavu hadi mizizi, ilikuwa na visima viwili tu kando ya njia ya misafara. Cha kwanza alikichora mwezi uliopita. Askari wa wakubwa wake wakaja nyuma yake, wakakizungushia boma, wakawafukuza wafugaji na ng'ombe wao. Kilichobaki ni hiki.

"Muulize huyu kizee kama maji ni mazuri," alisema.

Kando ya kisima alisimama mwanamke mzee, kaniki imechakaa, mikono imetapakaa uchafu wa yule mnyama. Mwishehe, kirangozi wa msafara, alimtazama kana kwamba anayenuka ni yeye.

"We kizee, huna haya? Maji haya mnakunywa?"

"Tunakunywa. Nikutekee?"

"Mimi? Bora nife! Najisi wakubwa nyie! Hata fisi ana staha kuwashinda!"



Mzungu akasogea kuchungulia. Uvundo ukampiga usoni, akatapika juu ya viatu vyake mwenyewe. Alipomaliza kujifuta alichora msalaba mwekundu kwenye ramani: maji mabaya, watu wachafu, hapafai. Msafara ukaondoka na kiu yake, Mwishehe mbele, akitukana mpaka walipopotelea vichakani.

Jua lilipoinama, Mwishehe alirudi peke yake. Wenzake aliwaambia anatafuta kisu alichoangusha. Alimkuta yule mzee akiuburura mzoga kwa kamba. Chini yake palikuwa na magogo na ngozi kavu, vimekifunika kisima barabara, na ndani maji yalikuwa meupe.

Mwishehe akavua kilemba, akapiga goti, akanyoosha mkono aupokee wake na kuubusu.

"Shikamoo, mama."

Mzee akauficha mkono nyuma, haraka.

"Marahaba, mwanangu. Usiubusu, bado sijauosha mara saba."