Injini Mpya Ndani ya Pijo la Baba

Mwaka ambao chama cha mbio za magari kiliongeza daraja la magari ya zamani yenye injini za kisasa, Chelagat aliingia na Pijo la marehemu baba yake. Injini aliinunua kwa fundi, imetolewa kwenye gari lililopata ajali. Injini za siku hizo zilikuwa na akili. Ziliweza hata kushika usukani na kumrudisha mtu kwake.

Chelagat alishinda. Mbio zilipoisha, akaiambia injini, "Twende nyumbani."

Gari likapita njia ya kwao bila kukata kona, likasimama mbele ya geti la bluu asilolijua. Mama mmoja akatoka mbio, mikono imejaa unga, akachungulia ndani.

"Wewe ni nani? Huo ni mlio wa gari la mume wangu."

"Samahani, mama, hata sijui nimefikaje hapa. Yuko wapi, nimweleze?"

"Tulimzika mwezi wa tatu."

Chelagat akajaribu kugeuza usukani, ukakataa. "Nyumbani," akaiambia injini kwa sauti ya chini. "Tafadhali, nyumbani."

"Tumefika," injini ikajibu, ikazima.

Yule mama alijishika mdomo, kisha akaanza kufungua geti.