Karatasi ya Sita

Alitia sahihi karatasi saba, akasoma moja tu: ile iliyokuwa na jina lake kwa herufi kubwa.

"Hutaki kuzipitia hizi nyingine, Daktari?" aliuliza Bi Faili, katibu wa jarida la sosholojia, mama wa makamo aliyejua kila karatasi ya ofisi ile ilipolala. "Ya sita ina maandishi madogo, lakini ina mambo."

"Mhariri mkuu hasomi, mama. Anasomewa."

Bi Faili akazikusanya, akaiweka ya sita juu.

Mzee Nukta, aliyekikalia kiti cha mhariri miaka kumi na minane, akainuka, akakipangusa kwa leso na kumkaribisha mgeni. Makabidhiano yakaishia hapo. Hotuba haikuwepo, picha haikupigwa, na muhuri, walisema, ulikuwa kwa fundi. Daktari hakujali. Miaka tisa amekuwa mhadhiri wa chuo kidogo chenye viti vya plastiki, na miaka tisa hiyo hiyo baba mkwe wake amemwita "bwana mdogo" mbele za watu. Siku hiyo hiyo akampigia simu.

"Baba, toleo lijalo jina langu litakuwa ukurasa wa kwanza kabisa."

"Nikiliona kwa miwani yangu nitaamini, bwana mdogo."

"Utakuja kwenye uzinduzi. Utakaa mbele."

Basi akaanza kutawala, kwa bidii ya kiranja mpya aliyekabidhiwa kengele. Siku ya pili aliagiza wote wasimame akiingia. Wakasimama. Siku ya tano aliihamishia meza ya msahihisha prufu kwenye korido, mkabala na choo, kwa kosa la kutafuna kalamu. Mtu huyo akaibeba meza mwenyewe, akaketi, akatazama saa yake, akaandika kitu kwenye daftari. Siku ya tisa akaamriwa kumbebea bosi mkoba kutoka getini. Akaubeba. Akatazama saa, akaandika.

"Mnaandika nini kutwa nzima?"

"Maagizo yako, Daktari," alijibu msahihisha prufu. "Tusije tukapoteza hata moja."

Jibu hilo lilimkaa vizuri tumboni. Kila asubuhi Bi Faili alimuuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale: "Umeamkaje leo, Daktari, mwepesi au mzito kuliko jana?" Hata Mzee Nukta, badala ya kwenda kupumzika, alikuja kila siku "kuhamisha vitabu vyake", akakaa kando ya kabati na daftari mapajani. Vitabu havikupungua.

Siku ya kumi na tatu chai ilichelewa.

"Wewe mama umechakaa kuliko hayo mafaili yako," Daktari alimwambia Bi Faili, mlango ukiwa wazi. "Siku ukifa tutakutupa pamoja nayo."

Bi Faili akafungua ukurasa mpya wa daftari lake.

"Samahani, Daktari, unaweza kurudia? Taratibu kidogo."

Akarudia. Alidhani na masikio nayo yamechakaa.

Siku ya kumi na saba aliingia akipiga mluzi, karatasi mkononi. "Nakala ya barua yangu ya kuacha kazi chuoni. Yote niliyoyameza miaka tisa nimemtapikia mkuu wa chuo. Nimemwita gunia lililovaa tai." Akawasomea yote kwa sauti. Kipande kinachomhusu mke wa mkuu wa chuo alikisoma mara mbili.

Kwa mara ya kwanza kalamu ya Mzee Nukta ilisimama. "Umeshaipeleka?"

"Jana, kwa mkono wangu. Na ufunguo wa ofisi nimemrushia mezani."

Mzee Nukta akamtazama Bi Faili. Bi Faili akatazama sakafu. Msahihisha prufu akachungulia kutoka korido.

"Tungeweza kuishia hapa," Bi Faili alisema kwa sauti ndogo.

"Muishie wapi?" Daktari akafoka. "Hakuna kuishia! Fanyeni kazi, toleo litoke!"

"Umemsikia mwenyewe," Mzee Nukta akasema kwa upole. "Zimebaki siku nne. Na hili, kusema kweli, hatukulitarajia." Akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa.

Siku ya uzinduzi, wiki kadhaa baadaye, ukumbi ulijaa. Daktari alivaa suti mpya. Baba mkwe alikaa mbele, miwani tayari puani. Boksi likachanwa kwa wembe, nakala ya kwanza akapewa baba mkwe. Akafunua jalada, akapitisha kidole.

"Bwana mdogo, hapa penye mhariri mkuu wamemwandika yule mzee."

"Kosa la prufu, baba." Daktari akamtafuta msahihisha prufu kwa macho ya kumfukuza mtu kazi. Msahihisha prufu akatazama saa yake. "Angalia ndani, baba," Daktari akasema.

Baba mkwe akalowesha kidole, akafunua, akasoma kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Makala ya kwanza. 'Mtu Aliyepewa Cheo Ambacho Bado Kilikuwa na Mwenyewe: Siku Ishirini na Moja za Kumtazama.' Waandishi ni watatu: yule mzee, huyu mama, na yule wa prufu." Akafunua tena, na tena. "Huku kote ni 'Mshiriki' tu. Mshiriki aliagiza, Mshiriki alitukana, Mshiriki aliacha kazi. Wewe uko wapi, bwana mdogo?"

Jina lake halikuwamo popote. Lilikuwa limefichwa ili asije akaaibika mbele za watu, kama ilivyoahidi karatasi ya sita, ile ya kukubali kufanyiwa utafiti, aliyoitia sahihi mwenyewe.