Biskuti za Chaani

Mwanatabu alizitoa biskuti kwenye oveni zikiwa bado zatepeta, akaziacha mezani zijimalizie zenyewe. Ukingoni zilishashika rangi, katikati bado mbichi. Ndivyo alivyofundishwa: biskuti ya chungwa na chokoleti ukingoja mpaka uione imeiva, umeshaikausha, na ikikauka haina raha mdomoni.

Mumewe, Mwidani, alikuwa na siku kumi na tisa kaburini.

"Wallahi sijapata kuona," alisema wifi yake Alawiya, aliyekuja Kisauni kukaa naye eda. "Kizuka hata arubaini haijafika, yuaoka biskuti za Pasaka! Watu watasema nini?"

"Waseme."

"Na za nani? Sisi na Pasaka wapi na wapi?"

"Za mteja wa Chaani. Huagiza kila mwaka."

Alisema kwa mazoea tu. Uongo ule alikuwa nao mwaka wa nane, ulimi ulishauzoea. Akachukua chungwa jingine, akaanza kulikwaruza ganda. Mikono ilifanya kazi, mwenyewe hakuwamo. Tangu maiti itoke hakuangusha hata chozi moja, na wanawake wa mtaa walikwisha kuliona hilo. Wanawake wa mtaa hawana haya, hata matangani hukodolea macho mashavu ya mwenzao.

Hakufurahi kwamba amekufa, Mola apishe mbali. Lakini hakuhuzunika pia. Kifuani hamkuwa na kitu.

Miaka minane nyuma, binti yao wa pekee, Ummi, aliolewa kanisani na Bramwel, fundi wa friji kutoka bara. Mwidani alisimama sebuleni mbele ya ndugu zake wote, mate yakimruka, akala kiapo: "Mwanatabu, siku utakayomsemeza mtoto huyu, kwa mdomo ama kwa simu, au ukakanyaga kwake, jua huna mume. Talaka yako ndiyo hiyo." Neno la talaka halina mzaha, likitoka limetoka. Tangu siku hiyo jina la Ummi halikutajwa tena nyumbani humo, na majirani waliokuwa wakimwita Mama Ummi wakajifunza kumwita Mwanatabu.

Lakini kiapo kilitaja mdomo, simu na mguu. Biskuti hakikuzitaja. Basi kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Mwanatabu alioka zile alizofundishwa na Ummi mwenyewe, akajaza kopo, akampa jirani yake Jumwa. Jumwa alikuwa akiuza machungwa Kongowea, na ndiye aliyewahi kukutana na Ummi sokoni akaambiwa kahamia Chaani. Baada ya siku mbili Jumwa hurudisha kopo, na chombo cha watu hakirudi kitupu: mara ndimu, mara bizari, mwaka mmoja soksi ya mtoto mchanga, moja tu. Hivyo ndivyo Mwanatabu alivyojua ana mjukuu.

Mwidani afadhali asiwepo siku hiyo, na kwa bahati hakuwa akikaa nyumbani. Hutoka na kanzu safi, ati yuaenda barazani kuzungumza na wenzake, hurudi magharibi kanzu ina madoa ya kahawia magotini. "Kahawa hiyo," husema. Mwanatabu huyafua madoa yale akimlaani moyoni. Mwanawe yu hai upande wa pili wa mji, yeye yuakunywa kahawa na wazee! Mapenzi yalimtoka hapo, kwenye beseni la kufulia, na hakumwambia mtu.

Sasa mwenye kiapo kaenda nacho. Mwanatabu angeweza kusema na mwanawe, ila kizuka hatoki mpaka miezi minne na siku kumi, na namba ya Ummi, Mwidani aliifuta zamani kwa mkono wake. Mazishi yalipita Ummi hana habari, maana wa kutumwa ni Jumwa, naye alikuwa kwao Kaloleni akipanda mahindi. Alirudi jana yake.

Adhuhuri Jumwa aliingia, leso begani.

"Makiwa, shoga yangu. Nimeyasikia njiani."

Mwanatabu akaitika. Alingoja Alawiya aende kutawadha, kisha akamsogezea kopo. Lilikuwa bado lina moto.

"Mpelekee. Mwambie babake amefariki, kiapo kimekwisha. Mwambie aje leo, aje na mtoto, aje hata na mumewe. Nataka kumwona, Jumwa. Mwenzio sijalia. Labda nikimwona nitalia."

Jumwa hakunyoosha mkono. Alilitazama kopo, kisha akaketi sakafuni bila kukaribishwa.

"Mbona hulichukui? Jua lenda hilo."

"Nisamehe, Mwanatabu. Aliniapisha nisikwambie."

"Nani?"

"Mimi nyumba ya Ummi sijafika hata siku moja. Kila mwaka nikitoka hapa na kopo, namkuta Mwidani kasimama pale kona ya msikiti ananingoja. 'Lete,' husema, 'mwanangu nampelekea mwenyewe.' Na kopo hunirudishia yeye." Jumwa akajifuta uso kwa leso. "Anakokaa, shoga yangu, alikujua yeye tu."